Neno Lema Kukwambia: Vitabu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

[Muziki wa ufunguzi unafifia]

ZUHURA: Assalaam alaikum, hamjambo nyote mnaotusikiliza. Mimi ni Zuhura.

ELIA: Na mimi ni Elia. Karibuni sana. Leo dada Zuhura amekuja na kitabu kilichochakaa mpaka nimeogopa kukishika. Jalada limebaki kwa hisani ya gundi.

ZUHURA: Kishike tu, kaka Elia. Hiki kilikaa chini ya mto wa mama miezi 14.

ELIA: Basi tuanzie hapo. Leo tunazungumzia vitabu tulivyosoma wakati nyumbani kuna mgonjwa. Wewe ulimuuguza mama, mimi nilimuuguza mke wangu. Ungeniomba kipindi hiki mwaka jana ningekataa.

ZUHURA: Na wifi ameruhusu?

ELIA: Ameruhusu. Amesema niseme yote isipokuwa mambo mawili, na hayo mawili siyasemi.

ZUHURA: Vizuri. Basi mimi nitangulie, maana nikisubiri nitaanza kulia kabla sijasema kitu.

Mama alipata kiharusi alfajiri, akiwa anatia udhu. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Daktari alitueleza kwamba kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo mara nyingi vinapotea pamoja. Kupotea huko kwa maneno kunaitwa afasia. Mama alikuwa anaelewa tukisema naye. Anajua anachotaka. Neno lenyewe ndilo haliji. Anataka maji, anasema "mlango". Akijisikia amekosea, anafumba macho na kugeukia ukutani.

ELIA: Na kichwani yuko timamu.

ZUHURA: Timamu kabisa! Sasa sikiliza kilichoniuma kuliko hata ugonjwa. Haikupita wiki mbili watu wakaanza kumsema mbele yake. Mgeni anaingia, ananigeukia mimi: "Amelala vizuri? Amekunywa dawa?" Na mwenyewe yupo pale, macho makavu, anatutazama mmoja mmoja. Mwanamke ambaye ukoo mzima ulikuwa haupangi harusi bila yeye, leo hata swali la usingizi wake mwenyewe haulizwi. Na si wageni tu. Nilijisikia nikimwambia mdogo wangu kwenye simu, "Mgonjwa ameshaoga." Nikasema mgonjwa. Sikusema mama.

ELIA: Lo.

ZUHURA: Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi.

ELIA: Hilo nalijua, dada. Kwetu lilikuja kwa namna nyingine. Mke wangu alikuwa na saratani ya titi. Tangu siku ile tulipopewa majibu, sikugombana naye tena. Hata siku moja! Alikuwa akisema jambo ambalo zamani tungebishana mpaka usiku, mimi naitikia tu, "Sawa mama, sawa." Niliona huo ndio upendo. Baada ya mwezi akaniambia, "Elia, naomba unigombeze. Nimechoka kuwa mgeni humu ndani."

ZUHURA: Mgeni humu ndani.

ELIA: Neno lake hilo. Na ndilo lililonipeleka kwenye vitabu, kwa sababu sikujua nifanye nini nalo. Mchungaji wetu ni mtu mwema, alikuja, akaomba, tukashukuru. Lakini mchungaji haji saa 9 usiku mtu anapotapika.

ZUHURA: Saa 9 usiku ndiyo saa yenyewe ya kitabu.

ELIA: Ehe, tuambie sasa kuhusu hiki.

ZUHURA: Hiki ni Utendi wa Mwana Kupona. Najua kuna wanaosikiliza wameshakunja uso. Na mimi nilikuwa hivyo. Shuleni tulisomeshwa kama mafunzo ya mke kwa mume, namna ya kumtii, namna ya kumtunza, na sisi wasichana wa darasa lile tulikasirika. Ziko beti humo mpaka leo sikubaliani nazo, nalisema waziwazi. Ila shuleni mwalimu alituharakisha kufika kwenye hizo adabu za ndoa, akapita mlangoni bila kutuonyesha mlango. Utendi unaanza hivi:

"Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asaa ukazingatia.

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia."

ELIA: Yaani sogea karibu binti yangu, usikilize wosia. Maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka, sikupata kutamka neno jema kukwambia.

ZUHURA: Mwaka mzima! Huyu Mwana Kupona, mtunzi mwenyewe, ni mwanamke mjane. Mume wake alikuwa mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, alifariki mwaka 1856. Utendi huu ni wa mwaka 1858, na yeye mwenyewe akafariki mwaka 1860 hivi. Kwa hiyo tunayemsikia ni mama aliye kitandani, maradhi hayamwachi, na anamwita binti yake, Mwana Hashima. Na ubeti unaofuata anamwambia, "Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi." Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Unauona mkao wao? Mmoja amelala, mwingine ameketi na kalamu. Nimewahi kukaa kiti hicho.

ELIA: Sikuwahi kukifikiria kama kitabu cha ugonjwa.

ZUHURA: Wala mimi! Nilikuwa na vitabu vya ugonjwa tele. Watu wakisikia una mgonjwa wanakuletea vitabu vya subira, na Mungu awalipe, walinijali. Lakini vingi katika hivyo viliongea juu ya ugonjwa kana kwamba unaelea hewani. Haumo ndani ya nyumba yenye ndoo, yenye shuka za kufua, yenye ndugu wanaotegeana zamu ya usiku. Tuliambiwa tumgeuze mama kila baada ya saa 2 asitoke vidonda mgongoni. Kila saa 2, usiku na mchana. Sasa nionyeshe ukurasa gani wa vitabu vile una mtu anayeamka saa 8 usiku kumgeuza mama yake, na anamgeuza kwa hasira, halafu anajuta, halafu saa 10 inafika.

Kwa Mwana Kupona nilikuta kitu kingine. Anaumwa, na bado ni mama. Anaagiza, anaonya, anakemea. Ugonjwa umemchukulia mwili, kiti chake nyumbani hajakitoa. Mwenyewe anasema hatungi kwa kujiona malenga, anatunga kwa kuwa "nina kijana muinga, napenda kumuusia". Ana mtoto ambaye hajaijua dunia, na muda unakwisha. Na mwishoni anageuka kwa Mola wake, dua ndefu kweli, anawakabidhi watoto wake na ndugu zake. Anaomba kama mama anavyofunga mizigo ya safari, asisahau mtu.

ELIA: Na uliusoma kwa mama?

ZUHURA: Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mama alikuwa ameuhifadhi tangu usichana wake. Mimi nilikuwa nimesahau. Jioni moja nimekaa kitandani pembeni yake, nimechoka, nikausoma kwa sauti ili nisinyamaze tu. Nikafika "maradhi yamenishika". Nikafika "sikupata kutamka". Hapo nikakwama, koo likanibana, kwa sababu niliona ninamsomea mtu asiyeweza kutamka. Nikanyamaza. Na mama, ambaye kwa wiki 6 hajasema sentensi, akamalizia: "neno lema kukwambia."

ELIA: Akasema?

ZUHURA: Yote, na mahadhi yake. Sauti nzito, ulimi umelemaa, lakini ni ubeti kamili umefungwa sawasawa. Akaendelea na ubeti uliofuata. Mimi nimeshika kitabu sioni kitu. Baadaye mtaalamu wa tiba ya usemi akanieleza kwamba hutokea. Maneno tunayoyatunga papo kwa papo yanaweza kupotea, na yale yaliyokaririwa, kuhesabu, dua, nyimbo, yakabaki, kwa kuwa ubongo hauyashughulikii kwa njia ileile. Alhamdu aliisoma pia, tulipojaribu. Hakuweza kuniomba maji, lakini Alhamdu yote aliweza.

ELIA: Subhana... naazima neno lako.

ZUHURA: Liazime. Kuanzia siku ile, mgeni akiingia, kabla hajaniuliza mimi habari za mgonjwa, nampa kitabu. "Anza ubeti wowote." Anaanza, mama anamalizia. Na akikosea mahadhi, mama anamrudisha! Kwa kidole, hivi. Amerudi mwalimu, amerudi mama. Kiharusi kipo palepale, mkono haujainuka, lakini watu waliacha kumsema mbele yake.

[Kimya kifupi]

ELIA: Sasa nifuate mimi vipi baada ya hapo?

ZUHURA: Fuata tu.

ELIA: Mimi kitabu changu cha kwanza kilikuwa kosa. Au nilikishika kwa wakati wa makosa. C. S. Lewis, yule mwandishi wa Uingereza, alifiwa na mkewe Joy mwaka 1960, kwa saratani. Akaandika daftari kwa daftari yale yaliyokuwa yakimpita moyoni. Mwaka 1961 yakatoka kuwa kitabu, A Grief Observed, bila jina lake. Aliweka jina la kubuni, N. W. Clerk. Kumbuka huyu alikuwa ameshaandika kitabu kizima cha kueleza kwa nini kuna maumivu duniani, mwaka 1940, kwa hoja zilizonyooka. Sasa maumivu yameingia kwake. Anasema huzuni inafanana sana na woga. Anasema alimwendea Mungu na shida zake akahisi kama mlango umefungwa mbele ya uso wake, akasikia na komeo likitiwa kwa ndani.

ZUHURA: Mcha Mungu anasema hivyo?

ELIA: Mcha Mungu. Na hakuishia hapo, anatembea, anarudi taratibu, lakini mlango haufunguki kwa sababu amesema maneno mazuri. Mimi nilikipenda kitabu hicho kwa sababu nilikuwa naomba kila usiku na nilikuwa nalisikia hilo komeo. Basi nikawa nakisoma kwa siri. Kimekaa kabatini, chini ya mashati.

ZUHURA: Eee.

ELIA: Ndiyo. Mke wangu akatafuta shati langu la kuvaa, maana nguo zake zilikuwa zinambana kwenye kidonda cha upasuaji. Akakikuta. Nilirudi kazini nikamkuta amekaa kitandani nacho, amefika katikati. Akaniuliza, taratibu sana, "Unajizoeza kunililia, na mimi niko hai?"

ZUHURA: Ya Rabbi.

ELIA: Sikuwa na jibu. Nililia, ndilo jibu nililotoa. Na yeye akanisogezea nafasi kitandani, akasema, "Basi soma kwa sauti tangu mwanzo, tusikie anasemaje huyu bwana."

ZUHURA: Mkakisoma?

ELIA: Chote. Si kitabu kirefu. Lakini nakwambia, nisingemshauri mtu ampe mgonjwa kitabu cha msiba. Mimi nilibahatika tu kwa aina ya mwanamke niliyemuoa.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Unamwamulia tena. Wewe umesema wifi alilia kuwa mgeni nyumbani kwake. Ukimfichia kitabu umemfanya mgeni mara ya pili. Kwa nini asiulizwe? "Nina kitabu hiki, mwishoni mtu anafariki. Unakitaka?" Yuko atakayesema hapana, na hapana yake iheshimiwe. Yuko atakayesema lete.

ELIA: Wapo wanaovunjika, dada Zuhura.

ZUHURA: Wapo. Ndiyo nikasema aulizwe. Mtu huulizwa.

ELIA: Mm. Yeye mwenyewe angekuwa hapa angekuunga mkono wewe. Kitabu kilichofuata alikichagua mwenyewe, na ni cha kifo tupu! Kifo cha Ivan Ilyich, cha Tolstoy, cha mwaka 1886. Mimi nikasema mama, tupumzike. Akasema, "Huyu anaumwa, mimi naumwa, tutaelewana."

Ivan Ilyich ni hakimu. Ana nyumba nzuri, ana cheo, anaugua. Na kinachomtesa, zaidi ya maumivu, ni uongo. Mkewe, binti yake, madaktari, wote wanakubaliana kujifanya anaumwa tu na akifuata masharti atapona. Anakufa na hakuna anayemruhusu kufa. Isipokuwa Gerasim, kijana wa kutumikia mle ndani. Gerasim anamwaga chombo cha haja bila kununa. Na Ivan Ilyich anagundua kwamba miguu yake ikiinuliwa juu maumivu yanapungua. Basi Gerasim anakaa, anaiweka miguu ya bwana wake kwenye mabega yake, wanaongea. Wakati mwingine usiku kucha. Anaambiwa akalale, anasema, sote tutakufa, kwa nini nisitaabike kidogo?

ZUHURA: Hiyo ni ibada.

ELIA: Ni ibada. Sasa mke wangu wakati huo alikuwa kwenye tibakemikali, mnaita kemo. Kati ya dawa zile ziko zinazoumiza mishipa ya fahamu, nyayo zinawaka kama mtu amekanyaga makaa, vidole vinakufa ganzi. Tulipofika ukurasa huo alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Elia, leta mabega." Nikakaa chini sakafuni, nimeegemea kitanda, akaweka miguu. Moja huku, moja huku. Nikaendelea kusoma nimewapa mgongo yeye na taa, kitabu nakiona nusu. Sijui kama ilimpunguzia maumivu kitabibu. Alilala. Na mimi sikusogea mpaka saa 11 alfajiri, shingo imekauka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tupewe majibu. Nilikuwa nimepata kazi.

ZUHURA: Umepata kazi ya kufanya badala ya kuitikia "sawa mama".

ELIA: Ndiyo. Na asubuhi tuligombana, juu ya dirisha. Aligomba vizuri!

ZUHURA: [anacheka] Alhamdulillah.

ELIA: Mwishoni mwa kitabu hicho kuna mtoto wa kiume wa Ivan Ilyich, bado mwanafunzi. Anaingia chumbani kwa kunyata. Mkono wa baba unaangukia kichwani kwake, mtoto anaushika, anaubusu, anaanza kulia. Na hapo ndipo baba anaacha kujifikiria mwenyewe, anawahurumia wao. Tulisoma ukurasa huo na mtoto wetu mkubwa akiwa mlangoni. Hatukujua yupo. Tangu hapo akawa anakuja mwenyewe kushika miguu. Wana zamu, yeye na mdogo wake.

ZUHURA: Kaka Elia, turudi kwenye imani kidogo, maana umesema juu ya komeo.

ELIA: Turudi. Na nina neno moja zito hapa, naomba niliseme bila kumung'unya. Katika vitabu tulivyoletewa kulikuwa na kijitabu kimoja, sikitaji, kilichosema kwamba ukiendelea na dawa baada ya kuombewa umeonyesha mashaka. Aliyekileta alitupenda. Lakini kitabu cha namna hiyo kinaua watu. Kilimfanya mke wangu asilale siku tatu akijiuliza kama anamkosea Mungu kwa kwenda kwenye dripu. Mtu anaumwa, halafu anabebeshwa na hatia juu ya ugonjwa! Kama mnacho nyumbani, kitoeni.

ZUHURA: Kitoeni. Na kwetu pia wapo wanaofanya subira kuwa kufunga mdomo. Usilie, usilalamike, eti ukilia huna subira. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa nimeshika beseni. Basi nikaenda kwenye Kitabu chenyewe. Nabii Yaqub aliposema "subira njema", ni yeye huyohuyo ambaye katika Sura ya Yusuf macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Alilia mpaka macho yakaondoka, na ni Mtume wa Mungu, na alipolaumiwa na wanawe aliwajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Na Nabii Ayub hakunyamaza. Aliita, imenigusa dhara, nawe ndiye mwenye kurehemu kuliko wote. Neno la kwanza la dua yake ni maumivu yake.

ELIA: Ayubu wetu ni huyohuyo, na katika Biblia analalamika sura nyingi kweli. Mimi nilikuwa naruka malalamiko naenda kwenye mwisho mzuri. Mwaka ule niliyasoma malalamiko. Rafiki zake wale watatu, walipofika walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Kama wangeishia hapo! Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kila mmoja anatafuta dhambi yake iko wapi. Na sura ya mwisho Mungu anawakasirikia wao, waliokuwa wakimtetea, na anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Mtu aliyelalamika sura baada ya sura! Nilimsomea mke wangu. Kile kijitabu tukakitoa siku hiyohiyo.

ZUHURA: Siku 7 bila neno. Wageni wetu wangeweza dakika 7 tu ningeshukuru.

ELIA: Kuna kingine ninachotaka tukiguse kabla muda haujatutupa mkono. Paul Kalanithi.

ZUHURA: Nilijua utafika huko.

ELIA: Lazima. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Marekani, hajafika miaka 40, anapata saratani ya mapafu. Yeye na mkewe wanaamua kupata mtoto, huku wanajua. Binti anazaliwa Julai 2014, baba anafariki Machi 2015, ana miaka 37. Kitabu chake, When Breath Becomes Air, kilitoka mwaka 2016. Hakukimaliza. Mkewe, Lucy, ndiye aliyeandika sehemu ya kufungia. Na maneno ya mwisho ya sehemu aliyoandika Paul mwenyewe anamwandikia yule binti, mtoto wa miezi 8, asiyejua kusoma.

ZUHURA: Mwana Kupona.

ELIA: Nilipokuwa nakusikiliza nikapata ubaridi mwilini! Mwaka 1858 mama anamwita binti akae na wino. Miaka 150 na zaidi baadaye baba, upande wa pili wa dunia, daktari mwenye kila chombo cha kisasa, anafanya jambo lilelile. Yupo binti, upo muda mchache, ipo karatasi.

ZUHURA: Tofauti ni kwamba Mwana Kupona anamwambia binti afanye nini. Kalanithi anamwambia binti yeye amemfanyia nini baba yake, kwamba amezijaza siku zake furaha. Nilivyovisoma vyote viwili, nilitamani mama anipe cha kwanza na mimi nimpe yeye cha pili. Nimwambie, siku hizi 400 na zaidi nimekugeuza, nimekufua, nimekukasirikia, na umenijaza.

ELIA: Ulimwambia?

ZUHURA: Nilimwambia. Nilichelewa, lakini nilimwambia. Akanipapasa kwa mkono wa kushoto, akasema "mlango". Nikaelewa.

[Kimya]

ELIA: Tuwape watu mambo ya kufanya, dada. Wapo wanaotusikiliza sasa hivi wako kwenye viti vya wodini.

ZUHURA: Soma kwa sauti. Kama huna nguvu ya kuongea, soma, sauti yako inatosha. Na usisome kirefu. Ukurasa mmoja, ubeti mbili. Akisinzia usimwamshe umuulize ulipoishia.

ELIA: Kemo inachosha hata akili. Mke wangu ni mtu aliyekuwa anamaliza riwaya kwa siku mbili, akawa anasoma mstari mara tatu haushiki. Aliona aibu. Hilo linawapata wengi, si uvivu, na kwa wengi linapungua baada ya matibabu. Vitabu vya kusikiliza vilimsaidia, na zaburi fupifupi. Ile ya 88 aliipenda sana, inayoishia gizani bila kuwashwa taa. Nilitaka kuongeza aya ya matumaini mwishoni, akanikataza. "Iache ilivyo."

ZUHURA: Na ukimpelekea mtu kitabu, usimuulize wiki ijayo kama amekisoma. Utamgeuza mwanafunzi wako. Kiache hapo.

ELIA: Na muuguzaji naye apewe chake. Watu walileta vitabu kwa ajili ya mgonjwa, hakuna aliyemletea anayelala sakafuni.

ZUHURA: Hilo ni kweli tupu.

ELIA: Mama alikwenda vipi, kama unaweza kusema?

ZUHURA: Alikwenda usingizini, zamu ya mdogo wangu. Nilipofika kitabu kilikuwa chini ya mto, mahali pake. Kuna ukurasa umekunjwa pembeni, na si mimi niliyeukunja, mimi sikunji kurasa. Mdogo wangu anasema si yeye. Mama kwa mkono mmoja angeweza, ila sikumbuki kumwona akifungua kitabu mwenyewe. Ni ukurasa wa dua, pale anapowataja watoto. Sijaukunjua.

ELIA: Usiukunjue.

ZUHURA: Wifi anaendeleaje sasa?

ELIA: Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Kesho ana kipimo, kile cha kila baada ya miezi 6. Leo hatulali sana. Mkoba ameshaufunga, kitabu ameweka.

ZUHURA: Kipi safari hii?

ELIA: Riwaya ya upelelezi. Amesema wagonjwa wametosha, anataka mwizi. Na mtoto mkubwa amesema haendi shule, anakwenda na sisi, zamu ya miguu ni yake.

ZUHURA: Mfikishie salamu zangu. Mwambie asinisimulie mwizi ni nani, nitakikopa akimaliza.

[Muziki wa kufungia]